Wa mwisho wa Shiraz alikuwa mtoto wa kike

Bibi yangu, Mungu amrehemu, kila baada ya alasiri alikuwa anakaa dakani kwetu Mkomani, Lamu, na tasbihi yake, na mjukuu yeyote akipita lazima aitwe. Anakuuliza umekula, umesoma, mamako yuko wapi, alafu kabla hujaondoka anakwambia lile neno lake, asili yetu Shirazi mwanangu, wana wa sultani, wali sabaa, wakaya na mayahazi sabaa. Nimelisikia mara ngapi sijui, labda elfu. Nimekua nalo kama vile nimekua na sauti ya adhana, hulipimi wala huliulizi, liko tu.

Sasa bibi hayupo na mimi ndo mama mtu, na mwezi uliopita nikajikuta nimemwambia binti yangu maneno yale yale. Yuko karibu kumaliza miaka mitano, anaenda chekechea asubuhi na chuo cha Qur'ani jioni, na anapenda kuuliza. Nilikuwa namsuka, nikamwambia sisi asili yetu ni watu wa Shiraz, kule Uajemi, Iran ya leo, walikuja ndugu saba na majahazi saba. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, wasichana walikuwa jahazi gani?

Nikasema labda walikuwemo. Akasema, wanaitwaje?

Hapo nikakwama. Kwa sababu kweli, majina ya wanaume hata mimi nayajua, Ali bin al-Hasan yule wa Kilwa, mwana wa sultani wa Shiraz ambaye mamake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi na ndugu zake wakimdharau kwa hilo, akapanda jahazi akaja akanunua kisiwa kwa nguo, habari hiyo iko kwenye tarikh ya Kilwa na jina lake liko kwenye sarafu zilochimbuliwa. Wanawake? Hakuna hata mmoja nnayeweza kumtajia mtoto. Yani miaka yote hiyo ya asili yetu Shirazi, na Shiraz yenyewe sikuwahi hata kuiuliza ilikuwa mji wa namna gani, nani alikuwa akiishi pale, nani aliitawala, ilikuwaje baada ya hao saba kuondoka. Kwetu Shiraz ni neno la kutangulia jina, basi.

Usiku mtoto alipolala nikachukua simu nikaanza kutafuta watawala wa Shiraz wa zamani. Bando ilikuwa imebaki kidogo na nilisema nasoma dakika kumi nilale. Nilikuja kushtuka mwadhini wa alfajiri anaita. Nilikuwa nimempata msichana anaitwa Abish Khatun, na tangu usiku ule sijamtoa moyoni, ndo maana naandika.

Abish ndo mtawala wa mwisho wa ukoo wa Salghur, ambao walitawala jimbo la Fars, makao yao Shiraz, kuanzia mwaka 1148. Asili yao walikuwa Waturuki, Waturkmeni wa kuhamahama, lakini walikaa Shiraz mpaka wakawa watu wa Shiraz, wakajenga misikiti na hospitali na wakatunza washairi. Cheo chao waliitwa atabeg, neno la Kituruki, ata ni baba na beg ni bwana, maana mwanzo atabeg alikuwa ni mlezi wa mtoto wa mfalme, mtu anayeshika nchi mpaka mtoto akue. Baadaye walezi wakawa ndo wafalme wenyewe. Hilo neno liweke kichwani, bwana baba, kwa sababu lilikuja kuvalishwa mtoto wa kike asiyekuwa na baba wala mama.

Babu yake Abish, Abu Bakr bin Sa'd, alikuwa mtu mwerevu. Wamongoli walipokuja wanavunja miji mingi ya Uajemi yeye alituma watu wakakubali mapema, akalipa dhahabu kila mwaka, Shiraz ikasalimika wakati miji mingine ilikuwa majivu. Na sisi watu wa bahari tumjue kwa jengine, huyu ndo alochukua kisiwa cha Kish na Bahrain, yani ile njia ya Ghuba ambayo majahazi yalikuwa yakitokea kuja huku. Zamani bandari ya Shiraz ilikuwa Siraf, na vigae vya Siraf vimechimbuliwa hapa hapa kwetu, Manda na Shanga, vile vyombo vya rangi ya buluu na kijani. Siraf ilipofifia ikapanda Kish, Kish ikaja ikashindwa na Hormuz. Ukikaa kwenye ukuta wa bahari hapa Lamu ukaangalia kaskazini msimu wa kaskazi, upepo unaokupiga uso ndo ule ule uliokuwa ukiwaleta.

Na Sa'di, yule mshairi mkubwa wa Shiraz, alikuwa zama hizo hizo. Kitabu chake Gulistan alichomaliza mwaka 1258 alimtunukia mwana wa Abu Bakr, jina lake Sa'd. Huyo Sa'd ndo babake Abish. Yani msichana huyu alizaliwa kwenye nyumba ambayo moja ya vitabu vinavyosomwa zaidi kwa Kiajemi hadi leo kimeandikwa kwa heshima ya babake, na 1258 hiyo hiyo ndo mwaka Wamongoli walipoingia Baghdad wakamuua khalifa. Dunia ilikuwa inapasuka na Shiraz kuna bustani na mashairi.

Alafu kila kitu kikaanguka kwa mara moja. Mwaka 1260 babu akafa. Babake Sa'd alikuwa safarini, anarudi kutoka kambi ya Hulegu, mfalme wa Wamongoli upande wa Uajemi, akapata habari njiani kuwa yeye sasa ndo atabeg, lakini alikuwa mgonjwa tayari na akafa hapo hapo njiani, siku chache tu baada ya babake, hakuufikia mji. Akaacha mjane, Terken Khatun, na watoto watatu wadogo, mvulana Muhammad na wasichana wawili, Salghum na Abish.

Terken Khatun nataka nimtaje vizuri kwa sababu ni mwanamke ambaye alijitahidi. Alikuwa binti wa ukoo uliotawala Yazd. Alimuweka mwanawe mdogo kwenye kiti na yeye akashika mambo yote, akatuma zawadi kwa Hulegu, akapata karatasi yake ya kukubaliwa. Miaka miwili hivi akaendesha jimbo zima. Alafu mtoto akafa 1262. Basi ikawa lazima atafutwe mwanamume wa ukoo, akawekwa Muhammad Shah ambaye alimuoa Salghum, yule binti mwengine, lakini alikuwa mtu wa ulevi na dhulma, Terken mwenyewe akamfanya akamatwe akapelekwa kwa Hulegu. Akatolewa ndugu yake gerezani, Seljuqshah, akawekwa yeye, na huyo akamuoa Terken.

Hapa ndo nilipoweka simu chini nikaenda kunywa maji. Wassaf, mwandishi wa Shiraz alozaliwa miaka ile ile, anasimulia kuwa usiku mmoja Seljuqshah akiwa amelewa kwenye karamu akaamrisha mtumwa aende akamkate kichwa Terken Khatun. Kichwa kikaletwa kwenye sinia. Masikioni kulikuwa na lulu mbili kubwa, akazivuta akazitupa kwa wapiga muziki.

Abish alikuwa na miaka mitatu, minne.

Mimi hapo sikuwa nasoma historia tena. Nilikuwa naangalia mtoto wangu amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya neti, nywele zile nilizomsuka. Sijui watu wanasomaje mambo kama haya kwa utulivu, mimi siwezi.

Seljuqshah baada ya hapo akaua na maofisa wa Kimongoli waliokuwa Shiraz kusimamia kodi. Hilo Hulegu hakulisamehe, jeshi likaja. Akakimbia upande wa pwani mpaka Kazerun, akajificha kwenye zawia, yani nyumba ya ibada ya masufi, ya Sheikh Abu Ishaq Kazeruni. Na huyu sheikh ni wa kutajwa hapa kwetu, maana Ibn Battuta aliyepita huko baadaye anasema mabaharia waendao Hindi na China wakipatwa na upepo mbaya au wakiogopa haramia walikuwa wakiweka nadhiri kwa sheikh huyo, kila mtu anaandikisha amenadhiri kiasi gani, wakifika salama watu wa zawia wanakuja bandarini kukusanya. Yani sawa kabisa na vile wazee wetu walivyokuwa na nadhiri zao kabla ya kutweka tanga. Lakini Seljuqshah zawia haikumficha, alitolewa akauawa.

Kwa hiyo mwaka 1263, kuingia 1264, Fars haina mtu. Ukoo wote wa Salghur umebaki na wasichana wawili. Hulegu akamchagua mdogo, Abish. Khutba ya Ijumaa Shiraz ikasomwa kwa jina lake na sarafu zikapigwa kwa jina lake. Mtoto wa miaka minne, mitano. Na mara moja akaposwa kwa mwana wa Hulegu mwenyewe, Möngke Temür.

Hebu fikiria vile imepangwa. Ukimuweka Mmongoli moja kwa moja juu ya Shiraz watu wataasi, lakini ukimuweka binti wa Sa'd, mjukuu wa Abu Bakr, watu watapoa kwa sababu ni damu ya nyumba wanayoipenda, na ukimuoza mwanao basi nchi imeingia nyumbani kwako kama mahari. Jina ni la Abish. Kodi inapanda juu kwa Wamongoli. Kwetu tunajua uzito wa khutba, nani anaombewa dua juu ya mimbari ndo mwenye nchi, na hapa aliyeombewa ni mtoto ambaye pengine siku hiyo alikuwa analia anataka mamake.

Ndani ya mwaka mmoja hivi akatokea sharifu mmoja, Sharaf al-Din, akasema yeye ndo Mahdi, yule kiongozi anayengojewa mwisho wa dunia, akakusanya watu, wakapigwa 1265. Baada ya hapo Abish akachukuliwa kaskazini, kwenye ordu, ile kambi kuu ya Wamongoli, kwenda kukulia huko awe mke. Na Fars ikaendeshwa na maofisa, mmoja anakuja mmoja anatolewa, kila mmoja na hesabu zake za kodi. Jina lake likabaki juu ya sarafu za mji asiokuwemo.

Miaka karibu ishirini. Sina mengi ya kusimulia hapo kwa sababu walioandika hawakumfuata, waliandika kodi na vita. Alizaa mabinti wawili, Kurdujin na Alghanchi. Mumewe alikuwa kwenye jeshi la Wamongoli lililopigwa na Wamisri pale Homs 1281, mwaka uliofuata akafa. Abish akawa mjane kwenye ishirini na kitu hivi.

Alafu ndugu wa mumewe alochukua utawala wa Wamongoli, Ahmad Tegüder, ambaye alisilimu, akamrudisha Shiraz awe mtawala kweli, siyo jina tu. Mji ukampokea kwa furaha kubwa, watu wakapamba, wakacheza. Nasoma hapo nikalia, nasema ukweli. Wewe fikiria ameondoka mtoto hata mji haukumbuki vizuri, lugha ya utotoni labda imemtoka nusu, anarudi mwanamke mzima anakuta watu barabarani wanapiga kelele jina lake ambalo miaka yote walikuwa wakilisikia msikitini tu na hawajui hata sura yake.

Ningependa niseme alitawala vizuri watu wakastarehe. Haikuwa hivyo. Ukame ukaingia, njaa ikaingia, na yeye akawa anarudisha ardhi na mali alizosema ni za nyumba yao, hesabu za kodi hazifiki kule juu. Mimi naona alikuwa anachukua chake, lakini pia naona raia mwenye njaa hajali shamba ni la nani. Mwaka 1284 Ahmad akapinduliwa akauawa, akaingia Arghun, na Arghun hakumtaka. Akatuma mtu wake, Sayyid Imad al-Din, aje ashike Fars badala yake. Abish akaitwa aende kaskazini, hakwenda. Na watu wake wakamuua yule Imad al-Din hapo hapo Shiraz.

Hapo sitamtetea. Mtu ameuawa, ana wana wake, na damu haina cha kusema mimi ni binti wa fulani. Akachukuliwa Tabriz akahukumiwa. Yeye mwenyewe aliachwa kwa kuwa alikuwa mke wa mwana wa Hulegu, lakini mkubwa wa watu wake aliuawa na wao wakatozwa fidia kubwa kwa warithi wa marehemu. Haukupita muda mrefu naye akafa huko huko Tabriz, kwenye 1286, 1287, hajafika hata miaka thelathini. Ukoo wa Salghur ukaishia kwake.

Wassaf anasema alizikwa Charandab, Tabriz, kwa desturi ya Kimongoli, wakamuwekea vyombo vya dhahabu na fedha vimejaa mvinyo ndani ya kaburi. Binti wa Kiislamu, babake katungiwa Gulistan, khutba zimesomwa kwa jina lake. Baadaye bintiye Kurdujin akamtoa huko akamleta Shiraz akazikwa kwao. Huyo Kurdujin naye akaja akapewa usimamizi wa Fars miaka mingi baadaye na akaifanyia mema, lakini kwangu mimi lile moja tu la kumtoa mamake Tabriz kumleta nyumbani linatosha. Kutoka Tabriz mpaka Shiraz ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na wakati ule ni farasi na ngamia.

Sasa nikampelekea ami yangu habari hizi. Ami ndo mkubwa wetu sasa, anakaa barazani baada ya magharibi na wenzake, kahawa inazunguka. Nikamsalimu shikamoo ami, akaitika marahaba mwanangu kaa, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, ami ni mtu wa kusikiliza. Alafu akasema, mwanangu habari ni nzuri lakini huyo si wetu. Wazee wetu waliondoka Shiraz kabla, zama za watawala wengine kabisa, na huyo wa kwako ni Mturuki alotawala miaka mia mbili na zaidi baadaye, sisi yatuhusu nini?

Na ami ana haki, kwa hesabu. Ule utafiti wa jeni ulotoka 2023 kwenye jarida la Nature, ule waliopima mifupa ya watu 80 kutoka makaburi ya zamani ya pwani na bara, Manda imo, Faza imo, Mtwapa, Kilwa, ulionyesha kuwa kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Salghur walianza 1148. Kwa hiyo Abish si nyanya yetu, sijasema ni nyanya yetu.

Lakini nikamwambia ami, utafiti huo huo unasema jengine. Upande wa baba wengi wanatoka Uajemi, ndio, bibi hakutudanganya. Upande wa mama karibu wote ni watu wa hapa hapa Afrika. Yani wale wana wa sultani walipofika walikuta wanawake, wenye nyumba zao na ardhi zao na lugha yao, na lugha tunayoongea ni ya hao wanawake, Kiajemi kimebaki maneno tu, bandari, nanga, dirisha, rangi, serikali, na ile Nairuzi ambayo mabaharia wetu walianzia hesabu ya mwaka wao. Mama ndo alomfundisha mtoto kusema. Na jina lake hatuna hata moja. Tumeshika jahazi saba na wanaume saba miaka elfu moja, na huko Shiraz kwenyewe nako tumeshika wanaume peke yao, wakati aliyeufunga ule ukoo ni msichana. Hizi pande zote mbili zina wanawake ndani na sisi tumewaruka pande zote mbili.

Ami akanyamaza. Mzee mmoja pale barazani akasema mbona Pate walikuwa na Mwana Khadija, akatawala karne ya 18, na hakuna aliyemruka. Nikasema ndio mzee, na ni fahari yetu, lakini hebu niulize hapa, nani anayajua ya Mwana Khadija zaidi ya jina? Ikawa kila mtu ana kipande, mmoja anajua vita, mmoja anajua alikuwa na mshindani, basi tukakaa tukazungumza mpaka isha ikaadhiniwa, na ami ndo alokuwa anaongea zaidi ya wote. Kumbe alikuwa anajua mengi ambayo bibi alimwambia na sisi hatukuwahi kuyasikia. Nikamuuliza kwa nini hukutwambia, akasema hamkuuliza.

Kuna kitu chengine Ibn Battuta aliandika kuhusu Shiraz ambacho nakipenda sana, nakiweka hapa hata kama hakimhusu Abish. Anasema wanawake wa Shiraz walikuwa wakikusanyika msikitini kila Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa kusikiliza mawaidha, elfu moja, elfu mbili, kila mmoja na kipepeo chake mkononi anajipepea kwa joto, na akasema hajaona mkusanyiko wa wanawake kama huo nchi yoyote. Nimesoma hivyo nikaona kabisa Maulidi hapa kwetu msikiti wa Riyadha, upande wa wanawake, buibui bega kwa bega, vipepeo vya ukindu vinakwenda, asmini inanukia, mtoto analia mahali. Ibn Battuta alifika Shiraz mara ya kwanza 1327, na 1331 akawa anapita pwani yetu kwenda Mombasa na Kilwa. Miaka 40 tu tangu Abish azikwe. Wale wanawake wazee wenye vipepeo, wapo kati yao waliokuwa wasichana siku Abish aliporudi mjini, walimuona anapita.

Nimemsimulia binti yangu, kwa ufupi. Sikumwambia ya lulu wala ya sinia, hayo atayajua akikua. Nilimwambia kulikuwa na msichana wa Shiraz, umri kama wako, akafanywa bwana wa mji, akapelekwa mbali, akarudi, akapelekwa mbali tena, alafu bintiye akamrudisha. Akauliza nani alikuwa akimsuka nywele huko mbali. Nikamwambia sijui mama, labda Salghum dadake kama alikuwa naye. Akakubali jibu hilo. Jana nimemkuta anacheza na mwenzake dakani pale pale alipokuwa akikaa bibi, wamepanga ndala mstari ni majahazi, na ndala ya mbele kabisa anasema hii ya Abish.

Sijamwambia kuwa sijaona palipoandikwa Abish alipanda jahazi. Nimekaa nao, nikawauliza hizi ndala nyengine ni za nani, wakanitajia majina ya rafiki zao wote wa chekechea mmoja mmoja.

Wewe unayesoma, kama uko Faza, Siyu, Pate, Malindi, popote, na nyumbani kwenu kuna bibi bado anakaa dakani, muulize hao wa jahazi mama zao na wake zao walikuwa nani. Akikutajia jina, hata moja, niandikie. Nimenunua daftari jipya na ukurasa wa kwanza ami ameshanipa majina matatu.